Babu Wasiwasi na Chupa ya Shahidi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi mkuu wa maabara yetu atastaafu Ijumaa, tarehe 30 mwezi huu. Sisi humwita Babu Wasiwasi, naye huitika. Nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajaribu, ila kuanzia Jumatatu kiti chake ni changu, na hilo linanitia hofu.

Alianza kwa kuosha chupa. Zilipokuja mashine za metabolomiki, zinazoonyesha kwa mpigo maelfu ya kemikali ndogo ndogo zilizomo kwenye chakula, alisoma vitabu vya maelekezo hadi majalada yakabanduka. Kazi yetu ni kusaka zile za mimea zinazoweza kuukinga mwili na maradhi. Yeye ndiye aliyetufundisha kuligandisha jani mara tu linapochumwa, maana likicheleweshwa hubadilika. Siku ya harusi ya bintiye alitoroka mara mbili kuja kusikiliza friza. Binti anasema baba anakijua kikohozi cha friza kuliko cha wajukuu zake. Chai yake, tangu nimfahamu, huinywa imepoa.

Desturi yake kuu ni shahidi. Kila baada ya chupa kumi za sampuli hupitisha moja yenye kimiminika cha kuyeyushia peke yake, bila jani. Kitu kikionekana humo, hakikutoka kwenye mmea. Tulimtania kwamba anapoteza saa nzima kupima maji. Hujibu kuwa wasiwasi ndiyo akili, kisha huendelea na kazi.

Miaka sita iliyopita, akiwa likizo, niliwaruka mashahidi. Mkutano ulikaribia, nami nilikuwa na haraka. Kwenye mchoro wa mashine, sampuli ya mchicha ikatoa kilele kirefu, kama cha kemikali inayoshusha sukari mwilini. Mkuu wa maabara alishangilia. Mimi, kwa kiherehere changu, nikampigia simu mama yangu, mgonjwa wa kisukari, nikamwambia dawa yake imo kwenye mchicha.

Jumatatu Babu alirudi, akapitisha shahidi. Kilele kilekile! Kilitoka kwenye vifuniko vipya vya plastiki. Nilimpigia mama haraka. Akaniambia, kwa ulimi mzito, kwamba ana siku nne hajagusa vidonge, anakunywa maji ya mchicha asubuhi na jioni. Babu alinipeleka kwa mama kwa gari lake, tukamkimbiza hospitali. Daktari alisema kama tungechelewa hadi jioni, tungemkosa.

Mama alipona. Kosa nililiandika kwa mkono wangu kwenye daftari la maabara. Babu alinipa kalamu tu. Tafiti arobaini zinamtaja kwenye shukrani, na hakuna hata moja iliyowahi kufutwa. Ile ya arobaini na moja, ya mchicha, ingefutwa, tena ikiwa imeshaua.

Juzi nilipima peke yangu kwa mara ya kwanza tangu kosa lile. Matokeo yalikuwa mazuri mno, nikayatilia shaka. Nikapitisha mashahidi watatu, halafu wa nne. Babu alisimama mlangoni, akahesabu chupa kwa macho. Akaenda kunywa chai yake ikiwa bado ya moto.

Ahsante, Babu. Nenda kapumzike salama, ulee wajukuu, ulime mchicha na uule kama mboga tu. Wasiwasi tuachie sisi. Mama anakusalimu, anasema vidonge anavimeza.