Kapteni Oluka, Aliyenisemea Ukweni

Marehemu Kapteni Vitalis Oluka alizaliwa tarehe 14 Machi 1934 kijijini Chakol, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Okedi na mama Atyang. Mimi, Lazarus, nilimfuata baada ya miaka mitatu, na nimekuwa nyuma yake tangu hapo. Wazee wa ukoo wameniagiza nikifika mwisho wa karatasi hii niwajibu, mbele ya kaburi, kama nitamrithi mjane wake. Nitajibu. Kwanza mnivumilie.

Alisoma shule ya misheni Amukura, 1943 hadi 1950. Hesabu zilimshinda, mimi ndiye niliyekuwa nikimfanyia. Lakini siku ya wazazi alipiga ngumi gunia la mchanga mpaka likapasuka, mama akapiga vigelegele, na ripoti yangu ya namba moja ikabaki mfukoni.

Kuanzia 1954 alipigana ngumi za kulipwa Jinja, Kampala na Nairobi, uzani wa kati. Mapambano ishirini na mawili, akashindwa matatu tu. Mwaka 1958 akaingia jeshini. Alipata uofisa 1964, akafunzwa kuruka kwa mwamvuli, na 1966 akaongoza askari wake vitani Kaskazini Mashariki. Alitusimulia jinsi alivyonaswa juu ya mgunga, akaning'inia hadi mchana huku ngamia wawili wakimtazama. Watu walicheka mpaka machozi. Mimi ni wakala wa forodha hapa Malaba; makaratasi yangu yamegongwa mihuri maelfu, na sijawahi kutazamwa hata na ngamia. Maturnboi, wasaidizi wa madereva wa malori, huniuliza, "Boss, si wewe ndugu ya Kapteni?" Roho iliniuma kila mara, sifichi.

Alimwoa Apolot, binti wa mzee Ochom wa Angurai, tarehe 7 Januari 1961. Wengi hamjui kwamba aliyemwona kwanza ni mimi. Kwetu kijana hajisemei ukweni. Ndugu yake humsemea. Oluka alikuwa likizo, nikamwomba anisemee. Akavaa suti yake ya kijivu, akasimama, akazungumza. Mimi nilikaa kimya, kofia magotini. Baada ya wiki mbili ikaja habari kwamba binti anamtaka yule aliyesimama, na baba akakubali. Kanisani nilimshikia pete huku nikitabasamu. Kwa miaka kumi na tano niliamini kwamba siku ile alijisemea mwenyewe. Sikuoa; mliokuwa mkiuliza sababu, ndiyo hiyo.

Figo zilianza kumsumbua mwaka jana, na aliaga dunia hospitalini Busia, Jumatatu tarehe 9 Agosti 1976. Wiki moja kabla, mikono ile ilishindwa kushika kikombe. Nikamshikia mimi na, Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo. Akaniambia, "Lazarus, siku ile nilikusemea wewe tu."

Sikumwamini. Juzi nikamuuliza Apolot, akiwa jikoni anachambua mchele wa matanga. Alijibu bila kuinua macho.

"Alikusifu sana, shemeji. Nikaona, mtu anayempenda ndugu yake hivyo ndiye nitakayekaa naye."

Nilitoka nje nikasimama pale uani. Sikuwa na wa kumkasirikia tena, na wivu wenyewe haukuondoka. Niliporudi ndani nilimweleza walichoniuliza wazee, naye akanituma neno.

Kapteni ameacha mjane, Apolot. Watoto watatu, Amongin, Perez na Okedi. Na mdogo wake mmoja. Sasa wazee, jibu lenu. Mjane hasimami kujisemea kaburini, kwa hiyo nimesimama mimi. Anasema hatarithiwa na mtu. Atakaa katika nyumba yake, alime shamba lake, alee watoto wake. Mimi mwenyewe ningependa angesema vingine, hata sasa ninaposoma. Lakini nimesema alivyonituma, neno kwa neno, kama ndugu yangu alivyonisemea mimi.

Kapteni, pumzika kwa amani. Safari hii tumelingana.