Gershom Komora, Hakimu Aliyefungua Malka

Marehemu Gershom Komora Jilo alizaliwa Ngao mwaka 1908, kitinda mimba wa mzee Jilo. Mimi dada yake ndiye niliyembeba mgongoni.

Alisoma shule ya misheni hapo hapo Ngao, kisha akasomea ualimu Kabete. Kila likizo alitembea, kuanzia Kipini mpaka Nanighi, akiwauliza wazee wa Kipokomo na wa Kiorma sheria zao za ardhi na maji. Aliziandika, zikafundishwa kwa wazee wa korti. Mwaka 1951 akawekwa hakimu wa korti ya Garsen. Kwetu hakuna mwingine aliyefika hapo.

Alimwoa Elsie kanisani mwaka 1932. Wakajenga huku ng'ambo ya mto, mkabala na Garsen, kando ya malka, njia ambayo ng'ombe wa Waorma hushukia mtoni.

Mwaka 1954 Huka Duba, mfugaji wa Kiorma, aliwashtaki wakulima walioziba malka kwa mpunga. Mmoja wao akasema kortini, "Bwana Hakimu, hata mama wa nyumbani kwako amelima humo."

"Basi tuanzie kwake," akajibu, na malka ikafunguliwa siku hiyo hiyo.

Jioni alipoulizia chakula, Elsie akamwambia, "Wali wako umeliwa na ng'ombe wa Huka. Kaufuate huko."

Alikula ndizi, akicheka peke yake.

Oktoba 1957 tumbo lilimshika. Huku kwetu halikuanguka tone, lakini bara mvua ilinyesha na mto ukafurika. Asubuhi ya tarehe 29 Huka na vijana wake walimbeba na kitanda chake, wakashuka kwa malka, maana kwingine kote ni kichaka. Gari la kumpeleka hospitali Malindi tuliliona upande wa Garsen, dereva akitupungia mkono. Kivuko kilikuwa kimefungwa. Mtumbwi uliojaribu ulipinduka. Tulisimama tu, watu wazima na nguvu zetu.

Huka akasema, "Bwana Hakimu, si uuamuru huu mto."

"Mto haupokei samansi, Huka."

Alikata roho adhuhuri, gari likiwa bado pale tunaliona.

Ameacha mjane wake Elsie, watoto Hudson, Josiah na Alice, na mimi niliyedhani yeye ndiye atakayenizika. Mungu amlaze mahali pasipo mafuriko.

Tukishafukia kaburi, tafadhali tusisimame hapa kwenye malka. Tangu asubuhi Huka amewazuia ng'ombe wake kwa heshima ya marehemu, na wana kiu.