Mbuzi Zimeonekana, Mutu Hajasikiwa

Benchi yangu ni ubao moja juu ya jante mbili, vyuma ya magurudumu ya camion, pembeni ya njia yenye kuteremuka kwa soko ya Butembo. Miye nauzisha kahawa ya tangawizi. Benye kukaa pale banauzisha akili, na hakuna mwenye kununua. Asubui ile Salomon, fundi wa mabao, alifika macho nyekundu. Alipelekaka mbuzi za mahari kwa baba ya Jemima, na ule muzee, mwalimu wa zamani, akamujibu: « Mbuzi nimeona. Mutu sijasikia. Rudi siku ya samedi, useme. » Basi Salomon akaomba kila mutu wa benchi phrase moja nzuri, ya zile théâtre za kale za bafalme zenye bo benyewe balichezaka zamani kwa masomo. Akazishona kama suruali yenye viraka, akasema ni shairi. Sasa akasimama, akatusomea kwa kichwa:

— « Mufunge milango ya muji, moyo yangu imeingia. Kunywa, mupendwa, kikombe hii ndiyo mimi. Ukianguka, nitatembea kwa miguu mpaka kufa. »

— Eh! Ya kwanza ni yangu! akasema Kasonia, mwenye tunaita Mufalme. Nilivaa taji ya carton.

— Aksanti, Mufalme.

— Mais ngoja. Pale nilikuwa naamuru bafunge milango ili bamuue ndugu yangu.

— Ndugu yako?

— Kwa mukuki. Tulitaka moto, lakini pazia ilikuwa ya pasta.

Valère akakohoa. Ni mwalimu mwenye Serikali ilitutumia toka mbali. Anatembea kama mwanajeshi, ndiyo tunamuita Commandant.

— Ya pili ni yangu, ndeko. Nilicheza bwana mwenye kupatia bibi yake sumu.

— Sumu! Salomon akashika kichwa.

— Mais kwa upendo. Methali inasema: mugeni njoo, mwenyeji apone.

— Ile inaingia wapi hapa, Commandant?

— Inaingia popote.

Kitsa naye tunamuita Directeur, hajaongozaka hata kuku.

— Ya tatu ni ya général, akasema. Anasemesha farasi yake.

— Directeur! Ulinipa maneno ya munyama nipelekee Jemima?

— Farasi ya général hapana munyama, ni grade, ni cheo. Na kidole moja haivunje chawa: théâtre tatu, shairi moja.

— Haina shida, akasema Mufalme. Phrase ni kama camion ya Kasindi. Ikivuka mupaka, inabadilisha plaque ya numero.

— Plaque tu! Salomon akasema. Damu inabaki mule ndani. Samedi muzee atasikia sumu, hatakunywa hata juice.

— Nimeelewa! Directeur akaruka, benchi ikalia. Ni théâtre moja! Mufalme anafunga milango ili bibi asikimbie. Commandant anamunywesha. Général anachelewa, farasi imekufa njiani. Donc farasi ndiyo mama-mukwe.

— Na ndoa? Salomon akauliza.

— Ndoa ni acte ya ine, kipande ya mwisho.

— Ya ine nani alicheza?

— Tulikosa mwangaza.

— Nyiye, nikasema, mutazika huyu kijana pamoja na mbuzi zake.

Pale pale tukaona Jemima. Alikuwa anasimama nyuma yetu na thermos ya baba yake. Sijui alifika kwa phrase gani. Salomon akabaki kama musumari.

— Jambo, Koko, akanisalimu kama nyanya yake. Ya baba, sukari kidogo. Nauliza tu: kisha bale banaume kusema yote ile, ule mwanamuke anajibu nini?

Mufalme akaangalia Commandant.

— Mi nilikuwa nyuma ya pazia, navua taji.

— Mi nilikuwa natafuta kiatu.

— Kwetu ilikuwa farasi, akasema Directeur.

— Hakuna mwenye alisikia?

— Mama, akasema Mufalme, kila mutu alijifunzaka rôle yake tu. Ukimaliza kusema, unatoka.

Nilimwaga kahawa mule thermos mpaka birika ikakauka. Jemima akafunga kifuniko.

— Basi mi munisamehe. Mi hapana rôle.

Akapanda njia. Salomon akaacha kikombe, akamufuata mbio, kinywa wazi, na hakuna hata phrase moja mule ndani.

— Atamuambia nini sasa? Commandant akauliza.

Nilikunywa kahawa ya Salomon. Ilikuwa ingali moto.