Kwenda Mombasa na Kurudi Jioni

Bajaji ilikuwa haijatoka hata mtaa wa Nakwa, na tayari Tabitha alishajua kwamba mama wa kwaya aliyekaa kushoto kwake anakwenda Mombasa na wanakwaya wenzake. Jumamosi wangetoka Tanga alfajiri kwa basi la kukodi, wapite mpakani, wavuke na feri ya Likoni, waione ngome na Mji wa Kale, jioni warudi Tanga. "Hati ya kusafiria ninayo hapa!" alisema, akiupapasa mkoba kana kwamba ndani kuna kifaranga.

Mzee wa kulia, mfugaji wa Simanjiro, aliinama mbele ya Tabitha bila hata samahani. "Mtalala huko?"

"Hatulali, baba. Siku moja tu."

"Basi hutakuwa umefika. Mgeni asiyelala akanywa maziwa ya asubuhi, huyo kapita tu."

"Nitafika! Na picha nitapiga!"

"Picha!" Mzee alicheka, kisha akashusha sauti. "Ni kweli maji yale yote yana chumvi?"

"Yote, baba."

"Yote! Na sisi ng'ombe wetu tunawanunulia chumvi dukani!" Macho yalimtoka kama ndiye anayesafiri.

Tabitha alitakiwa kushuka sokoni. Soko lilipita, naye akaendelea kuwasikiliza.

Bajaji iliposimama stendi walikuwa bado wanabishana. Mzee alimaliza maji yaliyobaki kwenye chupa yake, akamkabidhi mama ile chupa tupu.

"Nijazie. Nikionja, nitajua kama ulifika."