Bartholomew Nzuki Kilonzo, Aliyepunguza Mwanga wa Leza (1962–2025)

Bartholomew Nzuki alizaliwa Mitaboni tarehe 14 Machi 1962, kifungua mimba wa Mama Kasiva na Mzee Kilonzo Mulwa, ambaye sasa ni marehemu.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1981 akiwa wa kwanza darasani. Mwaka huo baba alifariki, naye Nzuki akaiacha nafasi yake ya kidato cha tano ili mdogo wake, Rodgers Musili, aendelee na shule. Huyo Rodgers, sasa mhadhiri wa fizikia, ndiye aliyeandika wasifu huu na ndiye anayewasomea.

Kuanzia 1986 hadi 2022, Nzuki alikuwa fundi wa maabara katika chuo kikuu kimoja Nairobi. Wageni aliwaonya mlangoni, "Usiguse kitu, hata na macho," kisha akawapikia chai.

Mwaka 2017, katika maabara hiyo, Rodgers alikuwa akichunguza kwa leza atomu ambazo zilipaswa kuyumba kati ya hali mbili. Miezi mitano hazikubadilika hata kidogo. Akailaumu mashine.

"Musili, mashine ni nzima," Nzuki alimwambia. "Wewe unazipima na nguvu sana. Kila zikitaka kutoka, leza inazirudisha. Wacha nipunguze."

Alipunguza mwanga hadi ukawa hafifu. Kila kipimo sasa kilieleza machache, lakini siku hiyo hiyo atomu zilianza kuyumba. Makala ilichapishwa, ikasifiwa sana. Ilikuwa na jina moja tu, la Rodgers. Nzuki alimpa mkono wa pongezi.

Alikuwa amemwoa Peris Mbinya tarehe 8 Desemba 1990, katika kanisa la hapa Mitaboni. Peris ndiye aliyemwona akiisoma makala ile mara mbili, kisha akiiweka kabatini pamoja na vyeti vya watoto.

Saratani ya kongosho iligunduliwa Novemba 2024. Mwezi Mei uliofuata, hospitalini Machakos, Rodgers alimwomba msamaha kwa kuliacha jina lake.

"Nilikuwa nangoja tu useme," Nzuki akajibu. "Sasa waandikie."

Rodgers aliliandikia jarida lililochapisha makala tarehe 2 Juni, akiomba jina la Nzuki liongezwe. Nzuki aliaga dunia alfajiri ya tarehe 9. Jibu lilifika tarehe 11: jina litaongezwa, mradi mwenyewe atie sahihi. Kwa miaka mitano baada ya makala ile, hadi Nzuki alipostaafu, ndugu hawa wawili walikuwa wakinywa chai meza moja kila siku ya kazi.

Ameacha mama yake Kasiva, mjane Peris, watoto Kamanthe na Kisilu, wajukuu watatu, na mdogo wake Rodgers.

Pumzika kwa amani, Nzuki. Kosa lilikuwa la mdogo wako.