Mzee Bahasha na Nyaya za Darini

Ijumaa tarehe 28 mwezi huu, saa kumi jioni, Mzee Bahasha atasaini kitabu cha mahudhurio kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia nyumba yetu ya uchapaji kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Katika muda wote huo alichelewa kazini mara mbili. Mara zote mbili aliandika barua ya maelezo, na zote mbili alizifikisha kwa meneja mwenyewe, kwa kuwa tarishi alikuwa ni yeye.

Jengo letu lilikuwa ghala la nafaka. Lina vyumba vitano na kuta nene kama za gereza, na waliozijenga hawakuwaza kwamba siku moja mtu wa usanifu angetaka kusemezana na mtu wa mitambo. Kazi hiyo ya kusemezana ilifanywa na miguu ya Mzee Bahasha. Alibeba karatasi, baadaye akabeba flashi kwenye mfuko wa shati. Flashi moja ilisahaulika mfukoni, mkewe akaifua pamoja na shati na kuianika. Ilikuwa na kalenda ya chama cha ushirika. Ilipochomekwa kwenye kompyuta ilifunguka, na msanifu aliapa kwamba rangi zilikuwa zimetakata.

Miaka kumi na miwili iliyopita meneja aliamua kwamba kompyuta zetu sita ziunganishwe kwa mtandao. Intaneti isiyo na waya ilijaribiwa, ikaishia kwenye ukuta wa kwanza. Basi akaitwa fundi wa mtandao, mwanamama hodari, akaja na boksi la waya na kusema ni kazi ya siku mbili. Siku ya kwanza, saa nne asubuhi, alipanda darini, akakanyaga pasipo na boriti na mguu wake ukatokeza kwenye dari la ofisi ya meneja, ambaye wakati huo alikuwa na mteja. Mteja aliuamkia mguu. Fundi aliteguka kifundo na hakuweza tena kupanda ngazi.

Aliyejua boriti zilipo alikuwa mmoja tu, yule aliyetumwa kuziba paa kila lilipovuja. Mzee Bahasha alivua viatu, akaishika ngazi, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Hizi nyaya zikishaunganishwa, mimi nitakuwa napeleka nini?"

Meneja alitazama tundu la dari lake kana kwamba jibu lingetokea huko. Mzee akapanda.

Kazi ilichukua siku nne. Fundi alikaa kitini, mguu juu ya boksi, akielekeza kwa kupaza sauti, naye Mzee akijibu kutoka darini, "Nimekusikia, mwanangu, hata majirani wamekusikia." Alijifunza kupanga nyuzi nane za rangi kwenye kichwa cha waya, akaharibu vichwa kumi na moja, cha kumi na mbili kikakubali. Kila waya aliubandika lebo kwa jinsi anavyotujua. Wa kwangu hapa mapokezi uliandikwa "Dada wa Simu". Wa usanifu, "Asiyefunga Mlango". Mkewe alituambia baadaye kwamba jioni ya siku ya tatu alirudi na vumbi hadi kwenye kope, akala, akasema: "Mama, leo nimejifukuza kazi mita arobaini."

Siku ya kuwasha, kompyuta zote ziliitikana isipokuwa ya mitambo. Fundi alipima waya, akapima tena, akaanza kulaumu kiwanda kilichoutengeneza. Mzee Bahasha alimshauri atazame soketi nyuma ya mlango wa chumba hicho. Kisanduku cha mtandao cha mitambo kilikuwa kimechomolewa, na mahali pake palikuwa na simu ya mwendesha mitambo ikichaji.

Kadi ya kwanza ilitoka usanifu ikafika mitambo kwa sekunde tatu. Kwa miguu zilikuwa dakika sita, au nane akisalimia. Tulipiga makofi. Naye alipiga makofi, kisha akaenda kuketi kwenye benchi la mapokezi, mbele ya meza yangu, akakaa wiki mbili nzima akiwa na shati lililopigwa pasi vizuri. Hakuna aliyemwita. Nilikuwa nikijifanya natafuta kitu kwenye droo ili macho yetu yasikutane. Nayaandika haya kwa sababu nayaonea aibu hadi leo.

Wiki ya tatu tulichapa kadi za harusi mia tano. Msanifu alikuwa ametumia kadi ya zamani kama kiolezo na akasahau kubadili jina moja, hivyo tukamwoza bibi harusi kwa bwana wa mwezi uliopita. Mama wa bibi harusi alifika mwenyewe. Alizungumza kwa dakika ishirini bila kuketi.

Alipoondoka, meneja aliuliza inakuwaje kosa kama hilo halikuwahi kutokea kwa miaka yote hiyo. Mzee Bahasha alikohoa kidogo pale kwenye benchi.

"Yalikuwa yanatokea. Nilikuwa nawarudishia."

"Kumbe ulikuwa unasoma?" meneja akauliza.

"Njia ilikuwa ndefu," akasema Mzee.

Alasiri hiyo hiyo alipanda tena darini, safari hii kuvuta waya wa saba, wa kwake, wa kompyuta aliyopewa na meneja. Tangu siku hiyo hakuna kazi iliyofika mitambo kabla ya kupita kwenye kompyuta yake, na mtandao wenyewe ukawa mikononi mwake. Fundi alikuja mara mbili tu baada ya hapo, zote mbili kumsalimia. Kwa miaka kumi na miwili hakuna bibi harusi aliyekosea bwana kwa sababu yetu. Kama alikosea kwa sababu zake mwenyewe, hilo haliko kwenye kumbukumbu za ofisi.

Mkewe ametutumia salamu kwamba yuko tayari kumpokea, ila amezoea kuwa peke yake mchana, na tukipungukiwa na mtu tusione haya kupiga simu. Tumezipokea.

Mzee wetu, asante kwa kutusoma tulipodhani unatubebea tu. Kapumzike kwa afya na raha, wewe na mama, na siku zako ziwe nyingi.