Soksi za Kijani za Mwalimu Zhuang

Jumamosi isiyo na mvua, ile kona ya Shanghai nje ya ofisi ya madalali wa hisa hujaa wastaafu na vigoda vyao vya kukunja, kila mtu na chupa yake ya chai. Kwao nyekundu ni soko kupanda na kijani ni kuanguka, kwa hiyo mwenye nguo ya kijani hutimuliwa kijiweni bila salamu. Ndiyo maana Mwalimu Zhuang, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na ambaye sasa ndiye mwamuzi wa kijiwe, Jumamosi hii alikuwa ameificha miguu uvunguni mwa kigoda. Aliuza hisa zake zote Februari, na soko likapanda tangu siku ile. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Tangu hapo huvaa soksi za kijani kila Jumamosi, akiliombea soko lianguke, na kila akizivaa huona aibu.

— Mwalimu, toa hukumu. Soko ghali au bado? aliuliza Nusubei, fundi bomba mstaafu asiyenunua hata kitunguu mpaka kishuke nusu.

— Ghali. Chukua bei ya hisa, gawanya kwa faida yake ya mwaka: thelathini. Yaani usubiri miaka thelathini pesa yako irudi. Una umri gani wewe?

— Sabini na mbili.

— Basi jijibu.

— Hesabu za darasani hizo! alidakia Mama Baiskeli, aliyelinda baiskeli za wateja wa ofisi ile tangu ifunguliwe. Mie nahesabu baiskeli. Zikijipanga mpaka kwa kinyozi, soko limevimba. Leo zimeishia kwa muuza tambi. Bado sana!

— Wee, nani anapanda baiskeli siku hizi? Nusubei alimkata. Tazama kaa. Msimu huu mwanaume akimnunulia mkewe kaa jike mwenye mayai, jua pesa imemlevya. Shemeji yangu kamnunulia mama mkwe. Mama mkwe, jamani!

— Hiyo si hisa, hiyo dhamiri inamsuta, alisema Mama Baiskeli.

— Na mtawa je? Nusubei hakukubali. Juzi nimeenda hekaluni kuchoma udi, kaninong'oneza nimtajie hisa ya betri. Mtawa! Bado kaa wenyewe tu waje kununua.

Wakavunjika mbavu. Hapo akatokea mwanamke wa makamo, amevaa koti la kijani.

— Hee, mama! Koti gani hilo? Rudi ukabadilishe, utatuangushia soko! alipaza Nusubei.

Mwalimu alicheka kuliko wote, na papo hapo akajichukia.

— Samahanini. Sina koti jingine zito. Namtafuta Mwalimu Zhuang. Mimi ni mjane wa Mzee Ruan.

Kicheko kikakatika. Mzee Ruan alikaa nyuma yao miaka minne, hasemi, anaandika tu, mpaka alipofariki kiangazi kilichopita.

— Karibu, shemeji, alisema Mwalimu. Ni mimi.

— Marehemu aliniachia hisa. Alisema nisiuze mpaka Mwalimu aseme ghali. Nilikuwa nimesimama pale nyuma, nimesikia Mwalimu akisema ghali, basi Jumatatu nauza. Sina kingine cha kunitunza uzeeni. Ila niulize kidogo, maana mimi haya siyajui. Wewe mwenyewe umeuza?

— Nimeuza.

— Ulipoona ni ghali?

Februari hesabu ya Mwalimu ilitoa kumi na saba, na kwa kipimo chake mwenyewe hiyo ilikuwa bei rahisi. Aliuza kwa sababu soko lilianguka siku mbili mfululizo akaingiwa na woga. Angeitikia tu, mama huyu angeondoka ameshukuru. Akatoa mguu uvunguni, akapandisha suruali.

— Niliogopa, shemeji. Niliuza mapema, na sasa nasema ghali kwa kuwa wenzangu wanapata na mimi simo. Naona haya. Usinisikilize.

Wote wakaitazama ile soksi. Hakuna aliyecheka. Mama Baiskeli akainamisha chupa yake amimine chai, haikutoka hata tone.

— Sawa, alisema mjane taratibu. Lakini soko lenyewe, ni ghali au si ghali?

Nusubei akakuna goti. Mama Baiskeli akageukia baiskeli zake. Mjane aliendelea kumtazama Mwalimu, naye mwishowe akatamka neno ambalo enzi za ubaoni mtoto akilitamka alimsimamisha pembeni.

— Sijui.